Baba Hamezi Bila Amri

Lakica,

Nimeshuka kliniki kumuuliza nesi kuhusu koo la baba yako. Uji uko kwenye thamosi. Umpe mzito, kijiko kidogo kidogo, awe amekaa wima asije akapaliwa.

Tangu juzi anaujaza mdomoni na kuuacha humo, kama amesahau kazi ya koo. Leo asubuhi nimembembeleza, nimemwimbia, nimempapasa shingo, wapi! Mashavu yamejaa, ananitazama tu. Nikachoka, nikapaza sauti ya kambini: "Sajini Otema! Meza!"

Akameza. Tena akapiga saluti, mkono ukagonga kijiko, uji ukaruka mpaka kwenye pazia. (Liache, nitalifua mimi.)

Kwa hiyo usimbembeleze. Vaa ile bereti yake, simama mbele yake, toa amri kila kijiko. Na usicheke! Hapendi askari anayecheka gwarideni.

~~Akigoma, mwache na njaa yake.~~ Akigoma, nipigie simu.

Miaka yote ya ndoa hakuwahi kunitii. Leo, ambapo hajui hata mimi ni nani, ni "Ndiyo, afande" mpaka bakuli likaisha. Kisha akaniomba ruhusa: "Afande, naomba niende nyumbani. Mke wangu ananingoja."

Nikamwambia nimempa wiki nzima. Akafurahi sana, akabaki amekaa palepale, ananitabasamia.

Akiomba tena, usimnyime.

Mama