Kanda ya Mazishi ya Mama

Kakuma, 9 Agosti 1999

Dada yangu Apajok,

Habari za Lodwar? Mimi bado nambebea Malek jenereta anapopiga video za harusi. Amenunua programu nyingine ya kuunganishia picha kwenye kompyuta, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inaganda na kufuta kazi. Anacheka, “Yak, hii haigandi hata ukiipiga teke!” Ni kweli.

Lakini imechelewa. Ile ya zamani ilifuta mazishi ya mama. Kanda yenyewe nilikuwa nimerekodi harusi nyingine juu yake, nikidhani mama yuko salama ndani ya kompyuta. Kosa ni langu, si la Malek.

Ulisema hutalia mpaka uone kwa macho yako. Lia sasa, dada. Mama amekufa kweli. Koleo la kumfukia nilishika mimi.

Ndugu yako,
Yak