Mgeni Wako na Picha za Baba

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, wewe, wifi na watoto. Sisi huku tunaendelea. Goti la Mama bado linamsumbua kukiwa na baridi, ila mdomo wake haujapungua nguvu. Jana alimfokea muuza maziwa mpaka bwana wa watu akaondoka akaacha chombo chake. Studio ya marehemu Baba bado iko wazi. Wateja ni wa picha za vitambulisho tu, wanakaa, wananuna, wanaondoka.

Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na mimi nikikasirika nalia, halafu unaniambia nitulie. Safari hii sitaki kutulia. Nakuomba usome mpaka mwisho.

Ni kuhusu yule mgeni wako, mtafiti. Ulisema ni msomi mwenye utu, anapenda picha za zamani, nimpokee kama ndugu. Nilimpokea. Alilala chumbani kwako, Mama akampikia kwa goti lake bovu, na mimi nikamfungulia chumba cha nyuma, yale masanduku yote ya filamu ambayo Baba aliyapanga kwa mkono wake: maharusi, wanafunzi, wasafiri. Nikuambie ukweli, nilimpenda. Alikuwa akiinua filamu dirishani anashangilia kama mtoto. Alicheka sana nilipomwonyesha ile tai ya Baba ya kuazimisha, tai moja iliyooa nusu ya mji huu. Akaniomba anakili picha kwa mashine yake, nikamruhusu.

Filamu moja tu nilimkataza. Ni ya Mama Fundi, huyu mshonaji wa ng'ambo ya barabara. Wewe ulikuwa bwenini wakati ule, na Baba alinisimulia mimi peke yangu. Mama Fundi alikuja asubuhi amembeba mwanawe, amemvika nguo mpya aliyomshonea mwenyewe. Mtoto alikuwa amefariki alfajiri. Hakuwa na picha yake hata moja. Baba alifunga mlango, akampakata mtoto mwenyewe wakati mama mtu anakaa vizuri kitini, kisha akamrudishia mapajani, akapiga picha. Unajua Baba hakumwacha mtu bila kumwambia ainue kidevu, ndiyo maana wakamwita Mzee Kidevu. Siku ile hakusema neno. Alisafisha nakala moja, akampa mama mtu, na filamu akaihifadhi kwa sababu yeye Mama Fundi hakuweza kuitunza wala kuichoma.

Yote hayo nilimweleza mgeni wako, nikamsihi airudishe sandukuni. Aliweka mkono kifuani akasema, "Dada, hiyo ni amana."

Amana!

Mwezi uliopita akatualika jijini kwenye maonyesho. Mama asingeweza safari, nikaenda na Mama Fundi. Alijishonea gauni jipya, Kaka. Alikuwa amesikia huenda picha ya harusi yake ipo. Tulikuta ukumbi mkubwa, kuta nyeupe, kiyoyozi kinatetemesha meno, watu wameshika glasi. Picha za Baba zimekuzwa kama milango. Mwanzoni tulifurahi. Tulimwona muuza nyama wetu akiwa kijana mwembamba, kiuno kama nyigu, tukacheka mpaka watu wakageuka. Halafu nikasoma maandishi chini yake: "Mtu asiyejulikana." Nikaenda kwa inayofuata: "Mtu asiyejulikana." Asiyejulikana na nani? Muuza nyama huyo huyo alinikatia nyama ya mgeni wako, akampa na mkono!

Kisha tukafika ukuta wa mwisho. Nilimshika Mama Fundi bega nimgeuze, lakini alikwishaona. Alisimama. Hakuwa na miwani, akaniuliza pameandikwa nini, na mimi nikamvuta mkono tuondoke. Binti mmoja anayepokea wageni, hana kosa lolote yule binti, akamsomea kwa heshima: "Usingizi mtamu. Mama mwenye furaha na mwanawe."

Mama Fundi akamwambia taratibu, "Hakulala, mwanangu. Na furaha sikuwa nayo." Akamtajia jina la mtoto. Miaka yote tuliyokaa jirani sijawahi kulisikia jina lile likitoka kinywani mwake. Pembeni yetu kulikuwa na meza, na picha ile ile imechapwa kwenye kadi za posta, zimewekwa kama peremende.

Nilimtafuta mgeni wako. Unajua alinijibu nini? Kwa sauti ya chini, ya kistaarabu, alisema aliandika hivyo makusudi ili kulinda heshima ya mama yule, kwamba siri ameitunza. Ameitundika ukutani, ameiuza mezani, na ameitunza! Kisha alipogundua kwamba mama mwenyewe ndiye yule amesimama pale, macho yakamng'aa. Akamfuata kumwomba akae mbele ya kamera asimulie. Machozi ya Mama Fundi bado hayajakauka shavuni.

Mama Fundi alimpita. Alivua mtandio wake begani, akachomoa pini kwenye pindo la gauni, maana hatembei bila pini, akaufunika nao ule uso mdogo ukutani, akaubana mtandio pembe zote kama anayepima nguo ya mteja. Na wale watu wenye glasi, Kaka, wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Nikamwambia mgeni wako aishushe picha. Akasema hana mamlaka, kuna wafadhili. Halafu akaongeza, kwa upole uleule, kwamba kwa vyovyote vile kaka yangu mkubwa ameshakubali masanduku yote yahamishiwe jijini, na lori litakuja mwisho wa mwezi huu.

Uliniuliza lini? Mama ulimuuliza lini? Mimi ndiye niliyekohoa dawa za chumba cha giza pamoja na Baba tangu nikiwa simfikii kiunoni. Wewe ukija unapiga chafya, unatoka nje. Najua utasema ulihofia unyevu na panya, na ni kweli, vipo. Lakini hayo yalikuwa mambo ya kujadiliana, si ya kuamuliwa kwa simu na mtu uliyekutana naye kwenye mkutano.

Sasa nikuambie nilichofanya.

Tuliporudi niliyatoa masanduku yote barazani, nikatangaza kila mtu aje achukue cha kwake. Walikuja, Kaka. Muuza nyama alikibusu kiuno chake cha zamani. Wajane wawili walimgombania marehemu mmoja, na Mama, aliyekaa kwenye kiti cha wateja kama hakimu, akaamuru nisafishe nakala mbili. Mwanamume mmoja aliitazama filamu yake muda mrefu, akaniomba mkasi, akaikata vipande mbele yangu. Nilimpa mkasi. Mama Fundi alichukua yake akaifunga kwenye leso, na sikumuuliza anaipeleka wapi.

Zimebaki za familia yetu na chache zisizo na mwenyewe. Sitakudanganya, nikiingia chumba kile moyo unauma. Kazi ya Baba yote sasa iko chini ya magodoro ya watu, na nyingine watoto watazichezea mpaka zipasuke. Huenda nimekosea. Ila sikukuuliza, kama wewe ambavyo hukuniuliza.

Lori lisije. Na nakala zilizomo kwenye mashine ya mgeni wako, hizo ni zako kuzifuatilia, maana wewe ndiye uliyemleta. Ile ya ukutani ishushwe, pamoja na kadi zote. Usimtume mtu. Njoo nazo mwenyewe, uvuke barabara, umkabidhi Mama Fundi mkononi.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Mama anakusalimu sana. Amenikataza kukuandikia kwamba amelia, kwa hiyo sijaandika.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda kwa hasira.