Mlango wa Mbele

Tuwan, Kitale, Jumapili, Agosti 1989

Hata ugali umenishinda kula. Bado nauona ule mlango.

Ile hoteli kuukuu ya wazungu hapa Kitale ilibomolewa mwezi uliopita, watu wakagombania mabati, madirisha, hata masinki. Hilo nililijua. Nilichokuwa sijui ni kwamba mlango wa mbele, ule mzito wa mtarakwa wenye kishikio cha shaba, ulichukuliwa na Wafula, ndugu ya mume wangu, akaupeleka kwake kijijini Kwanza. Ameupachika kwenye choo cha shimo!

"Si unaona, shemeji? Hiyo mbao mchwa haiwezi," aliniambia leo, akiupigapiga kama anayesifu ng'ombe wa maziwa. "Hapa kwetu hakuna choo kama hii, bana."

Marehemu Baba alipika katika hoteli hiyo miaka yote ya ukoloni, akiingilia mlango wa jikoni. Mwafrika hakukanyaga mbele. Wiki ya Uhuru alivaa koti la harusi yake, akanishika mkono, tukapita mbele. Aliagiza kikombe kimoja cha chai, tukagawana. Hakuangalia chai. Aliangalia mlango.

Wafula anajua. Baba mwenyewe alimsimulia. Nilipomkumbusha, akacheka: "Ati mzee alivaa koti juu ya chai!"

Nilitaka kuondoka bila kuaga, lakini kutoka Kwanza hadi hapa ni mbali, na nilikuwa nimebanwa; tumbo halina heshima.

Nikashika kishikio cha shaba, pale pale aliposhika Baba, nikaingia.