Ombi Lililosemwa kwa Sauti

Jumatano, 2 Aprili

Kabichi kutoka Mghange, kule milimani, zimefika sokoni asubuhi, bado zina umande. Nimeuza vizuri hadi jua la hapa Voi lilipofukuza watu. Sukuma wiki zilizobaki nimezifunika kwa gunia lenye maji.

Uvimbe upo pale pale. Nimeugusa tena nikioga, ingawa daktari alinikataza kuugusagusa. Jumatano ijayo watakata kinyama kidogo wakakipime.

Anayejua ni Mama Nyambu peke yake. Nilimwambia juzi, tukiwa nyuma ya kibanda chake cha nguo. Ndiye mwenzangu wa maombi tangu mume wangu Mwakio afariki mwaka jana. Siku ya mazishi ndiye aliyenishika kiuno nisianguke. Nilimwomba kitu kimoja tu: binti yangu Wakesho asijue mpaka nipate majibu. Yuko Fomu Tatu, na kaburi la babake halijaota nyasi vizuri. Akanishika mkono akasema, "Limeishia kwangu."

Nimerudi nyumbani mwepesi.

Alhamisi, 3 Aprili

Sijui niandikeje.

Leo ushirika wa akina mama ulikuwa kwa mwenyekiti wetu. Tuliimba, tukanywa chai, kisha kila mmoja akaombea jambo. Zamu ya Mama Nyambu ilipofika alipiga magoti. Alianza vizuri. Akashukuru kwa mvua ambayo haijanyesha. Halafu akasema, "Baba, unaujua ule uvimbe wa titi la kushoto la Mama Wakesho, ule asiotaka Wakesho aujue."

Hata upande alitaja.

Wote walisema amina. Nilifumba macho muda mrefu kuliko wengine kwa sababu sikutaka kuyafumbua. Nilipoyafumbua walikuwa wananitazama kifuani.

Sikunywa chai ya pili.

Ijumaa, 4 Aprili

Wamekuja tangu asubuhi, wawili wawili. Unga, sukari, majani ya chai. Vitu vya matanga. Walikaa kwa kunyamaza vile watu hukaa kwenye msiba, na mimi nikawapikia chai kama mfiwa asiye na msaidizi. Mmoja aliniambia hata shangazi yake alianza hivi hivi. Nilimuuliza shangazi yuko wapi sasa. Akatazama vikombe.

Wakesho amefunga shule leo, amefika jioni na sanduku lake. Kabla hajaingia nilisukuma sukari yote chini ya kitanda. Nimejiona kama mwizi ndani ya nyumba yangu.

Nimempikia wali na mbaazi. Alikula akanisimulia habari za bwenini. Nilicheka pale ilipofaa kucheka.

Jumapili, 6 Aprili

Amejua.

Ilikuwa nje ya kanisa baada ya ibada. Mwenyekiti alimkumbatia mwanangu akamwambia, "Jikaze, mama. Mungu hawezi kuchukua wawili." Nilikuwa karibu. Niliona uso wa Wakesho ukiuliza wawili gani, kisha nikauona ukijibu wenyewe.

Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani. Sikumfikia. Mlangoni ndipo alipogeuka.

"Baba mlisema ni malaria."

Hilo tu. Hakulia. Ni kweli tulisema malaria. Zilikuwa figo, na Mwakio mwenyewe ndiye aliyetaka mtoto amalize mitihani kwanza. Mitihani iliisha. Ndugu walipompigia simu mwalimu wake, ilikuwa ni kumwambia aje kuzika.

Namchukia Mama Nyambu. Naliandika hapa kwa sababu siwezi kulisema mahali pengine.

Jumatatu, 7 Aprili

Wakesho amepanda Mghange kwa nyanyake. Hakuniaga kwa ubaya. Aliniaga kama mgeni, kwa adabu, na hilo ndilo limeniuma.

Mama Nyambu amekuja kibandani kwangu. Alikuja kama kawaida, akachagua nyanya, akaniuliza mbona sishiki simu. Nikamuuliza kwa nini aliwaambia watu. Alishangaa kweli. Akasema, "Sikumwambia mtu, mama. Nilimwambia Mungu."

Nikamwambia Mungu alikuwa anajua. Wasiojua walikuwa wale kumi na kitu waliopiga magoti naye.

Akasema maombi ya wengi yana nguvu. Akasema nina uchungu wa kufiwa, utaisha. Nikampimia nyanya zake, nikampa chenji yake, nikamgeukia mteja mwingine.

Jumatano, 9 Aprili

Wamekata. Nilienda peke yangu. Muuguzi aliuliza aliyenisindikiza yuko wapi, nikasema anakuja.

Majibu baada ya Pasaka.

Nimejaribu kuomba nikiwa pale kitandani. Nikianza tu kutamka jambo naona magoti ya wale akina mama. Neno linakwama. Mungu naye nimeanza kumwona kama mtu anayeketi kwenye ule mkeka, anasikiliza pamoja nao.

Jumapili, 13 Aprili

Sikuenda kanisani. Niliwaona watoto wakipita na matawi ya mitende. Nilifunga dirisha.

Nimemkumbuka Mwakio akirudi kazini. Alikuwa anapiga mluzi akifika kona, nisije nikashtuka mlango ukifunguliwa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alijua tu kwamba mimi hushtuka.

Jumanne, 15 Aprili

Vumbi. Mauzo mabaya. Wakesho hajibu simu. Nyanyake anasema anakula na analala, nisimsumbue.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nilienda, nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Lilisomwa lile somo la rafiki aliyemsaliti Yesu kwa busu. Nilimtazama Mama Nyambu kisogoni. Nikaona aibu. Halafu aibu ikaisha, nikaendelea kumtazama.

Lakini msomaji alikuwa ameanzia nyuma kidogo, bustanini, na moyo wangu ulibaki huko. Yesu aliwaomba rafiki zake wakeshe naye. Wakalala. Akasogea mbele kidogo, peke yake, akaomba maneno machache. Akarudi akawakuta wamelala, akaenda tena akaomba maneno yale yale. Aliogopa, akasema anaogopa, na hakuna aliyekuwa macho kumsikia ila Baba yake.

Nimelisikia somo hilo tangu nikiwa mtoto. Sikuwahi kusikia kwamba alisogea.

Nikasogea na mimi. Sikuinuka kwenye benchi, wala midomo haikucheza. Nilisema ndani: naogopa kufa, na naogopa kumpoteza mtoto nikiwa hai. Basi. Sikuongeza kitu. Nilikaa hapo mpaka watu wakatoka, na kifua changu, chenye uvimbe na yote, kilikuwa kimetulia kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi.

Sielewi. Hakuna kilichobadilika.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimefunga kibanda nikapanda Mghange. Huko juu kuna ukungu na baridi, nilisahau sweta.

Wakesho alikuwa jikoni anamenya viazi na nyanyake. Nyanya akakumbuka ghafla kuku wake, akatoka.

Nimemwambia yote. Uvimbe, kisu, siku ya majibu. Kisha figo za babake, tangu mwanzo, hata ile siku aliyoniomba nisimwambie mtoto. Nilimwambia nimeumizwa na rafiki yangu kwa kusema, na yeye nimemuumiza kwa kunyamaza. Hakuacha kumenya. Viazi vilizidi kiasi tulichohitaji.

Mwishowe akasema, "Siku ya majibu naingia na wewe ndani. Si kungoja kwenye benchi."

Nikakubali. Akanivulia sweta lake la shule.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Mama Nyambu alikuja nyumbani. Wakesho alimfungulia mlango, akamkaribisha vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi.

Hakujitetea leo. Alisema amelifikiria, na kwamba kama ningemfanyia mtoto wake hivyo angenitukana. Akalia kidogo. Kisha akauliza kama anaweza kutuombea. Nikamwambia hapana, mama, kaa tu. Akakaa. Ilikuwa vigumu kwake, niliona midomo ikitaka kuanza. Alimaliza chai akaenda.

Nimemsamehe, nadhani. Siri sitampa tena. Nilifikiri ukisamehe unarudisha kila kitu mahali pake. Sivyo.

Jumatano, 23 Aprili

Si uvimbe mzuri. Daktari alisema bila kuzunguka. Umeonekana mapema, nitafanyiwa upasuaji Mombasa mwezi ujao, kisha dawa.

Tulisikia pamoja, mimi na Wakesho, kwa wakati mmoja, viti vyetu vikigusana. Yeye ndiye aliyeuliza maswali. Maswali mazuri.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua imefika. Imenyesha tangu alfajiri, mbuga yote inanukia udongo.

Wakesho anarudi shule Jumatatu. Tumepatana kila nikitoka hospitali nitamwambia kilichosemwa, hata kikiwa kibaya, na mwalimu wake amekubali nipige simu.

Nimeomba nikichambua sukuma. Maneno yale yale ya Ijumaa Kuu, moja limepungua, lile la mtoto. Bado naogopa kisu. Sikujua mtu anaweza kuogopa na kutulia siku moja.

Wakesho yuko barazani anafua soksi za shule. Anaimba, na hashiki sauti hata kidogo, kama babake.