Udongo wa Upande wa Mama

14 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta u mzima na kwamba baridi ya huko haijakung'oa masikio. Sisi huku tunavuta pumzi. Mgongo wangu unalia kama mlango mbovu, tumbo linanitangulia kila niendako, na wateja wameanza kuniita Mzee Tofali. Mara ya kwanza niligeuka nyuma kumtafuta huyo mzee.

Mama hajambo kidogo. Hiyo "kidogo" isome taratibu. Daktari anasema moyo umechoka. Miguu inavimba na chakula ni cha kubembelezwa. Akili tu ndiyo iko kali kama wembe. Jana aliniita akasema, "Wewe, nikifa nilaze kando ya baba yenu. Si mbele, si nyuma. Kando."

Nikamwambia, "Mama, maneno gani hayo asubuhi yote hii?"

"Basi nitakwambia tena jioni."

Na jioni akaniambia tena.

Shida unaijua. Nyumba yetu imekaa juu ya mwamba, na udongo wa juu yake ni mwembamba kama godoro la gesti. Penye kina ni kule nyuma tu, kwenye ule mfuko ulio ndani ya jiwe. Upande mmoja kalala baba. Upande wa pili ndiko ninakochimba udongo wa matofali, kama alivyochimba yeye, na sasa ni shimo mpaka kwenye mwamba. Kati ya shimo na baba umebaki ukingo ambao hata kuku akitaka kulala itabidi ajikunyate.

Baba alitufundisha kwamba shimo la udongo hupumzishwa kama shamba, nalo hujaa lenyewe. Nimelipumzisha. Linajaa kweli, lakini ni vidole vichache vya tope kila msimu, na mama hana misimu mingi. Wewe unalipwa kutazama udongo kwenye vioo vya maabara. Niambie huu mwekundu hasa unatoka wapi, na nifanye nini ili udongo uje haraka.

Kaka yako


2 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Masikio ninayo yote mawili. Pole kwa mgongo. Tumbo silipi pole, hilo umelijenga mwenyewe kwa bidii. Ile "kidogo" niliisoma taratibu, kisha nikaenda kuisoma tena chooni kazini ili wenzangu wasinione.

Swali lako nimelijibu mbele za watu mara nyingi, na sijawahi kulichukia kama leo.

Maji ya mvua yakipita hewani na kwenye mizizi hubeba ukali kidogo, kama wa soda. Ukali huo unayeyusha jiwe la chokaa, na chokaa inaondoka na maji kupitia kwenye nyufa. Ndiyo inayoacha yale magamba meupe ndani ya birika la mama. Lakini hakuna jiwe safi kabisa. Ndani yake mna chembe za udongo wa mfinyanzi na za chuma, zilizoingia tangu jiwe lilipokuwa tope chini ya bahari. Hizo haziyeyuki, zinabaki palepale. Upepo nao unaongeza vumbi la mbali. Kiangazi kikikausha, chuma kinashika kutu, na kutu hiyo ndiyo wekundu wote uliotuharibia sare za shule.

Sasa sikia. Jiwe la urefu wa nyumba yetu, na paa lake, likiyeyuka lote linaacha udongo usiofika kwenye kifundo cha mguu wako. Na kuyeyuka kwenyewe ni maelfu ya miaka. Kinachojaza shimo lako si udongo mpya. Ni ule wa mteremkoni, mvua inauvua kule juu na kuutupa kwako. Nenda katazame, utakuta mawe yametoa meno. Baba aliona shimo linajaa, akaamini macho yake. Ningekuwa mimi ningeamini pia.

Usichimbe tena pale. Tafuta mfuko mwingine, mahali ambapo majani ni mabichi na kwingine kote pamekauka, upige mtaimbo. Mkataba wangu unaisha Juni, hapo nakuja. Usinifiche hali ya mama.

Mdogo wako


29 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Mzima? Mimi mzima wa kujikongoja. Mama amehamishia kiti chake kwenye mlango wa nyuma, na sababu utaiona hapa chini.

Mteremkoni nimekwenda. Mawe yametoa meno kweli, kama mzee anayecheka. Nilirudi nikiwa sina hamu ya chai.

Nikachukua mtaimbo, nikagonga kila mahali penye jani bichi. Fundi mawe wetu, yule jirani tunayemwita Radi, akatoka nje kuuliza kama nimepata kazi ya kupiga kengele shuleni. Ng'ambo ya njia mtaimbo ukazama kina cha kunifika kifuani. Nikarudi mbio, kwa kadiri tumbo linavyoruhusu, nikamwambia mama.

"Huko nitakaa na nani?" akauliza.

"Patulivu, mama. Pana kivuli."

"Sikuuliza kivuli."

Radi naye, kwa moyo mwema, akasema angemkatia chumba ndani ya mwamba, hapo hapo karibu na baba, pembe zote nne zimenyooka. Mama akamtazama kama muuza samaki waliooza. "Nimeishi na mwanamume wa udongo maisha yangu yote, leo nikalazwe kwenye kokoto? Ng'o!"

Basi nimefanya hivi. Nyuma ya nyumba nilikuwa na safu za matofali mabichi yanayokauka, yakisubiri tanuri. Tofali likishachomwa limekwisha, halina kurudi. Lakini bichi ukilimwagia maji linakuwa udongo tena. Nayabeba kwa toroli, nayatupa shimoni, namwaga maji, nakanyaga kwa miguu. Kazi yangu ileile, ila naifanya kinyumenyume.

Mama anasimamia. "Pale umeacha bonde. Mimi nina mgongo!"

Mwenye mzigo, yule anayejenga ukuta wa duka, alikuja kuchukua matofali yake akanikuta nimezama ndani yake hadi magotini. Akanitazama, akamtazama mama kwenye kiti, akaelewa ninachokifanya. Alivua kofia, akaondoka. Nadhani mteja nimempoteza.

Kaka yako


12 Aprili

Kaka mpendwa,

Shikamoo, na umpe mama shikamoo yake kwa mikono miwili. Umenichekesha mpaka wenzangu wakaja kuuliza ninalia nini.

Lakini tulia, unisikilize. Udongo ukishavunjwa na kurudishwa unakuwa na hewa nyingi tumboni. Ule wa baba ulishikana kwa miaka ambayo hakuna mtu wa kuihesabu. Wako ni wa juzi. Usiufanye tope. Nyunyizia tu, tandaza tabaka jembamba, shindilia kwa gogo, kisha tandaza jingine. Hata hivyo utahitaji msimu mzima wa mvua ndipo utulie. Mama akilazwa kabla ya hapo, ardhi itashuka naye, na ule ukingo wa baba unaweza kufuata.

Kwa hiyo mwambie mama asubiri. Mwambie ni mimi nimesema.

Na kama haiwezekani, kaka, mlaze ng'ambo ya njia. Kule ardhi haijaguswa. Najua hutaki kusikia.

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Habari ulishaipata kwa simu, na simu ikakatika kabla hatujasema la maana. Kwa hiyo leo salamu zangu ni fupi: pole, nami nipe pole.

Barua yako ilimkuta hai. Nilimsomea. Nilipofika pale pa kusubiri alicheka kwa pua. "Mwambie mwanangu nimesubiri mvua, nimesubiri foleni za hospitali, nimemsubiri yeye. Hili siliwezi." Nikamsomea na ile habari ya ng'ambo ya njia. Kisha akasema, "Yeye ndiye anayejua udongo." Nikadhani amekubali, nikapumua. Akaniangalia miguu iliyojaa tope, akasema, "Lakini wewe umeshalowa."

Alikwenda asubuhi, chai yake ikiwa bado ya moto.

Tulimlaza kando. Radi alichimba nami na hakufanya mzaha hata mmoja, jambo lililonitisha kuliko yote. Koleo lilikuwa likikutana na matofali yasiyoyeyuka vizuri, bado yana pembe. Hayo niliyatupa katika wiki zile nilizokuwa nakanyaga bila tabaka wala gogo. Barua yako iliponifikia shimo lilikuwa limeshajaa kufika kiunoni, nami sikuwa na nguvu ya kulitoa lote nianze upya. Ukingo wa baba haukuanguka. Nilisimama nao mgongoni wakati wote wa mazishi, kana kwamba mwili wangu ungezuia chochote. Kwa upana huenda ungezuia.

Niambie ukweli: utashika?

Kaka yako


25 Mei

Kaka,

Pole, na pole tena. Sili vizuri, lakini nala.

Mkataba wameurefusha na ruhusa wameninyima. Juni haipo.

Hautashika. Mvua zikianza, upande wa mama utashuka, na utaona ufa kati yake na baba. Jaza mapema, kabla maji hayajapata njia. Usichote mteremkoni, kilichobaki huko ni kidogo mno. Weka kifusi, weka changarawe, weka chochote. Udongo ule hautapatikana tena maishani mwetu.

Nisamehe kwa kuandika kama mtu wa ofisini. Sijui namna nyingine ya kuwepo hapo.

Mdogo wako


19 Novemba

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai umeanza kula bila kujilazimisha. Mimi nala vizuri kupita kiasi, wapita njia wote ni mashahidi, na sababu ni hii.

Mvua zimekuja na ulisema kweli. Upande wa mama ulishuka kiasi cha bakuli, kisha kiasi cha karai, na ufa ukatokea palepale uliposema. Nilisimama na toroli la changarawe nikashindwa kulipindua. Matofali mabichi nimemaliza, na mteremko sikuugusa.

Ila jiko lile la nje baba alilijenga kwa matofali mabichi, ya shimo hilohilo. Ukuta wa mashariki nimeshaubomoa. Naulowesha kidogo kidogo, tabaka jembamba, na gogo, kama ulivyoagiza. Ufa umefunga. Mvua ikinyesha unafunguka kidogo, nami nabomoa kidogo. Napika nikitazamwa na dunia nzima, na kila mtu ana ushauri kuhusu chumvi.

Leo Radi alikuja, akahesabu kuta zilizobaki, akaniuliza, "Mzee Tofali, jiko likiisha utafanyaje?"

Nikamwambia chumba changu nacho ni cha matofali mabichi. Kina kuta nne, na mlalaji ni mmoja.

Kaka yako