Mnyama wa Kangla Kanuna

Jumatatu, 5 Machi

Pembe zimepanda! Zote mbili, na matawi yake, na hakuna aliyevunjika kidole. Waingereza waliwalipua wanyama hawa wawili wa matofali kwa baruti mbele ya jumba la mfalme hapa Kangla, miaka mia na zaidi sasa. Leo tunawajenga upya, na mimi, Memtombi, mama wa watoto watatu, ndiye ninayewapaka chokaa! Nimerudi na nywele nyeupe. Mume wangu kauliza kama nimezeeka mchana mmoja.

Jumatano, 7 Machi

Uso wa mnyama wa kushoto umekwisha. Fundi mkuu Gourahari kaunakili kutoka picha ya zamani, iliyopigwa kabla ya baruti. Meno nje, kona za mdomo chini. Mkali hasa! Wakaguzi wa kazi wanakuja Jumamosi.

Alhamisi, 8 Machi

Balaa. Nimemleta mama mkwe aone kazi. Ima Ibemhal, miaka themanini na mbili, anauza mboga soko la akina mama, na hajawahi kunong'ona maishani mwake. Kamtazama mnyama juu hadi chini.

"Mbona kanuna? Nani kamkosea?"

Gourahari kashuka, kamuuliza kwa adabu alimwona lini, maana mnyama alilipuliwa kabla Ima hajazaliwa. Ima kasema bibi yake ndiye aliyepita hapo kila siku na kapu la samaki. "Mnyama huyu maadui aliwacheka, sisi alituchekea. Bibi kaniambia mwenyewe."

"Picha haidanganyi, mama."

"Picha yenyewe ina ukungu kama macho yangu, mwanangu!"

Kicheko jukwaa zima. Mimi nilitamani kuingia kwenye pipa la chokaa.

Ijumaa, 9 Machi

Asubuhi sikupewa kazi. Nikajua nimefukuzwa. Gourahari kaketi peke yake na picha na lenzi. Saa nne kaniita. Kona za mdomo hazionekani pichani, kasema, kazibuni yeye. Kalitoa neno hilo kama mtu anayeng'olewa jino! Halafu kanipa patasi.

"Una mkono mwepesi. Bomoa."

Kumbomoa tena, mimi? Nikamwomba mnyama radhi kimoyomoyo — nikagonga.

Jumamosi, 10 Machi

Naandika juu ya jukwaa, wali na eromba ya mboga na samaki mapajani, pilipili yake puani. Kona ya kushoto tayari. Ya kulia chokaa bado mbichi. Wakaguzi saa tisa.

Huko chini akina mama wa soko wameacha meza zao, na kila mmoja kaja na habari za bibi yake. "Juu kidogo!" "Basi, basi, ataonekana mlevi!" Ima kakalia kigoda cha Gourahari. Na Gourahari — siamini — kasimama nyuma yake, anamkinga jua kwa mwavuli!

Magari mawili langoni. Wakaguzi! Saa saba tu! Mnyama upande mmoja anacheka, upande wa pili hana mdomo kabisa. Nishuke? Namtazama Gourahari. Hata hajageuka kuwalaki. Ananipungia mkono: endelea, endelea —