Wa Mbele Malkani

Jumanne, 5 Machi 1957

Nimelificha miaka yote, na kifua hiki hakinipi muda tena: namwonea wivu Komora. Mdogo wangu, tumbo moja! Mimi ndiye niliyesomeshwa. Mimi ndiye niliyefundisha nusu ya Garsen kusoma. Na watu wakiwa na neno hupita mlangoni kwangu, huenda kwake.

Leo tena. Chifu Mahadi ameziba malka, njia ya kunyweshea mifugo, kwa miiba. Ng'ombe hawana njia ya kushukia mtoni, na anayelalamika huchapwa. Wakulima wetu na wafugaji wa Kiorma wamekaa pamoja uani kwa Komora — ajabu! Nawasikia kutoka kitandani. Wataifungua wenyewe, ila hawataki kiongozi. Wario, mfugaji, kawacheka: ng'ombe wasio na wa mbele hawanywi, hukanyagana. Komora akamjibu: "Wa mbele ndiye anayeliwa na mamba, bwana!" Kicheko uani kote. Hata mimi nilicheka. Kisha nikakasirika kwamba nimecheka.

Alhamisi, 7 Machi

Komora kaja na mkewe Mashavu, na uji. "Kaka, tukibanwa tutasema mkubwa wetu ni wewe. Wewe unaondoka, watakufanya nini?" Mashavu akamkanya: maneno gani hayo kwa mgonjwa! Nikakubali. Nilitabasamu hata.

Basi hilo ndilo ninalofaa — jina la maiti!

Jumamosi, 9 Machi

Miiba imeondolewa asubuhi, ng'ombe wakanywa. Walikubaliana waishie hapo. Lakini nani wa kuwaambia basi, yatosha? Kundi likageukia kwa chifu, mmoja akatia moto ghala lake. Mlinzi alikuwa amelala ndani. Amekufa, maskini.

Nasikia Komora alipiga kelele warudi. Wakamjibu: wewe nani? Si tulisema hakuna mkubwa?

Jumapili, 10 Machi

Wamemchukua Komora kwa lori, mikono nyuma.

Mashavu kaniletea uji kama kawaida, macho mekundu. "Shemeji, sote tulikutaja wewe, kama mlivyoagana. Imekuwaje wamchukue yeye?" Nimesema sijui. Amekaa kizingitini, anangoja bakuli. Uji umepoa.

Askari alisimama pale pale jana jioni. Kwa adabu kabisa: Mwalimu, wote wanasema ni wewe. Kweli?

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo.

Nilimwambia: mzee asiyeweza hata kusimama, nani amfuate? Wanamfuata Komora.